Tarehe Ishirini na Tano

Tarehe ishirini na tano mshahara huingia
kama mgeni asiyevua viatu:
anasalimu, anatazama saa, anaaga.
Curdin ameshasogeza vikombe pembeni
nami nimefungua daftari la mistari
lenye doa la siagi juu ya Februari.

Elfu sita mia nne na themanini, yake na yangu,
yeye anayeosha tramu usiku kucha bohari,
mimi ninayewageuza wazee vitandani alfajiri.
Toa nyumba: elfu mbili mia tatu na arobaini.
Toa bima ya afya, mia tisa na thelathini,
nasi watatu mwaka mzima tumeugua mafua tu.
Toa chekechea, siku mbili kwa wiki, elfu moja na mia,
ili nipate kwenda kulea wazazi wa wengine.
Imebaki elfu mbili mia moja na kumi.
Bado hatujala.

Jikune mkono unapofikia, tunaambiwa.
Zurich mkono ni ule ule,
mgongo ndio unaorefuka.

Jumamosi Curdin hupanda treni ya kuvuka mpaka,
mkoba wa magurudumu ukimfuata kama mbwa mtiifu.
Konstanz nyama ni nusu bei, na sabuni, na dawa ya meno.
Afisa wa forodha humgongea muhuri kwenye karatasi
naye hurudi kifua mbele, kama aliyeshinda kesi.
Nikitoa nauli, ushindi wote ni faranga kumi na moja.
Simwambii.
Yeye naye haniambii kwamba anajua.

Hata takataka hapa hulipiwa kabla hazijaoza:
mfuko rasmi, wenye nembo ya jiji.
Basi tunaushindilia kwa goti,
Ladina akisimama juu yake na soksi zake za nyota,
akiruka, akicheka,
akidhani mchezo huu tumeubuni kwa ajili yake.

Mwezi uliopita nilikuta kahawa.
Kahawa ya stesheni, mara tisa, tano na senti ishirini kila moja.
Nilizitia alama nyekundu, nikamgeuzia daftari.
Alitazama vidole vyake vilivyochubuliwa na dawa za kusafishia.
"Ni dakika saba," akasema,
"za kukaa ndani ya kitu ambacho sikukiosha mimi."
Nikafuta nyekundu.
Nikazihamishia kwenye safu ya afya.

Halafu ikaja barua.
Jengo litakarabatiwa, wapangaji wote watoke
ifikapo mwisho wa Septemba, kwa heshima na taadhima.
Bi Odermatt wa ghorofa ya chini, miaka arobaini na mmoja humu,
kodi yake huitaja kwa kunong'ona, kama mwanamke atajaye umri wake.
Alipanda ngazi pole pole akatukabidhi ufunguo
wa chumba cha kufulia, zamu yake ya Jumanne:
"Mimi sina nguo nyingi tena."
Mkononi alikuwa na kalenda ya duka la dawa,
nyuma yake ameandika hesabu kwa penseli:
pensheni, bima, chakula cha paka.
Penye kodi aliweka alama ya kuuliza,
akaizungushia duara,
kisha duara jingine,
mpaka karatasi ikatoboka.
Nilimtilia chai. Hakuna alichouliza,
nami sikuwa na jibu la kumpa.

Leo hesabu zetu zimekubali, kwa faranga kumi na nne.
Ladina amelala, mdomo wazi.
Nilidhani tumemaliza, nikainuka kuzima taa,
lakini Curdin alikuwa bado na rula,
anachora ukurasa wa Oktoba:
chakula, bima, nauli, kahawa, kila safu na kipimo chake.
Safu ya kodi ameiacha pana kuliko zote,
kama mtu anayejibana ukingoni mwa benchi
kumwachia nafasi
mnene fulani ambaye hajafika.